Kioo cha Mwalimu na Meza ya Msasa

Saa mbili asubuhi, mwanamke aliyevaa koti la bluu lililopauka anakishika kipande cha plastiki kwa ncha za vidole, anakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, kisha anakinusa.

Anakinusa tena. Uso unambadilika.

"Hiki kimepitiwa na petroli," anasema, bila kumtazama mtu.

Mwalimu wa udereva, ambaye ndiye mwenye gari, anamgeukia mwenye gereji. Mwenye gereji naye, ghafla bin vuu, anagundua kwamba tairi lililoegemezwa ukutani linahitaji kukaguliwa, na anakwenda kulikagua.

Hapa gerejini mwanamke huyu anaitwa Msasa. Jina alilopewa na wazazi wake analitumia dada yake tu. Mume wa dada yake ndiye huyo anayekagua tairi, na humwita shemeji akiwa na raha, Msasa akiwa na hasira. Leo tangu asubuhi ni Msasa.

Kazi yake ni moja: kuondoa mikwaruzo kwenye vioo vya dashibodi, ile plastiki angavu inayofunika mshale wa spidi na taa za onyo. Mafundi wanaiita kioo kwa mazoea. Kioo halisi kisingempa mtu taabu kama hii.

Cha leo kimechakaa sehemu moja tu, pale mshale unapopita kati ya hamsini na themanini. Hakikupata ajali. Mwalimu ana pete kubwa ya chuma, na kwa miaka yote ya kufundisha amekuwa akikigonga kioo hicho kila mwanafunzi anapozidisha mwendo. Wanafunzi wamefaulu wengi. Kioo ndicho kilichofeli.

"Unamwambia mtu punguza, hasikii," anajitetea mwalimu, mkono wenye pete akiutia mfukoni. "Ukigonga, anashtuka. Anasikia."

Gari hilo ndilo pekee la shule yake, na mchana huu linakwenda kwenye ukaguzi. Mara ya kwanza mkaguzi alilirudisha kwa sababu spidi haisomeki jua likipiga. Kioo kingine cha aina hiyo hakipo. Mwalimu amezunguka maduka ya vipuri na hata kwa wauza magari mabovu, akarudi mikono mitupu.

Kwa Msasa kuna jambo zaidi. Jana jioni, mbele ya mafundi wote, shemeji yake alimwambia: "Mwalimu ni mteja wangu wa siku nyingi. Kioo hiki kikivunjika, meza yako naitoa nje, na wewe unaifuata." Mafundi wakacheka wakidhani ni utani. Msasa hakucheka. Anamjua mume wa dada yake. Mtu huyo hana utani na gereji yake.

Meza yenyewe ukiiona huwezi kuigombania. Ni mbao tatu zilizopigiliwa juu ya fremu ya kitanda, kati ya bomba la maji na mashine ya kujazia upepo. Lakini ndiyo inayowalisha na kuwasomesha wanawe wawili, na kwa mujibu wa maneno yake mwenyewe, ndiyo iliyomtoa kwenye ndoo.

Alianza hapa kama muosha magari. Akaona jambo ambalo wengine hawakulijali: gari likioshwa, mtu anamalizia kwa kufuta dashibodi na kitambaa kikavu, na vumbi linageuka kuwa msasa. Wenye magari wakawa wanalalamika kuhusu ukungu usiofutika. Akaanza kuokota vioo vya magari mabovu na kujifunzia.

"Niliharibu vingi, usiniulize vingapi," anasema. "Kimoja nilikisugua sehemu moja mpaka kikafanya shimo. Ukitazama, namba nane imenenepa kama mama mjamzito."

Leo hacheki. Petroli huila plastiki kimyakimya, inaacha nyufa nyembamba kama nywele, na Msasa ameshaziona kwenye kona ya kushoto.

"Gari si lililala hapa?" mwalimu anauliza.

"Nilipitisha kitambaa tu," shemeji anajibu kutoka kwenye tairi. "Nilitaka kumpunguzia kazi."

"Kitambaa kikavu?" Msasa anauliza.

"Kitambaa cha kawaida."

"Shemeji. Kilikuwa kikavu?"

Mwenye gereji anasimama, anajifuta mikono. "Wewe si ndiye fundi wa vioo? Fanya kazi. Habari za nani alifuta nini hazitatupeleka kwenye ukaguzi." Kuhusu meza hasemi kwamba amebadili neno lake, na hakuna anayethubutu kumuuliza. Mwandishi wa makala haya alitamani kufungua mdomo, ila gereji si yake.

Msasa anakiosha kioo kwa maji na sabuni kidogo, bila kusugua. Anakikausha kwa kukibonyezabonyeza na fulana laini. Kisha anatoa kijimto cha pamba alichokishona mwenyewe, kilichovimba kama tumbo la kioo, na kukilaza kioo juu yake. Bila kijimto hicho, anasema, ukikandamiza juu, kioo kinapinda, na chenye ufa kinamaliza safari yake hapohapo.

"Tumia mashine," shemeji anamhimiza. "Dakika mbili umemaliza."

"Mashine ina joto. Itakiyeyusha."

Anaanza na msasa wa maji, ule laini. Anausukuma kwenda upande mmoja tu, anachovya, anasukuma tena. Kioo kinakuwa cheupe chote kama kimemwagiwa maziwa, na mwalimu anashika kichwa. Kila fundi wa kazi hii anaijua hatua hiyo. Mwenye mali akiiona, moyo unamwenda mbio. Msasa anabadilisha, anachukua ulio laini zaidi, anapita kinyume na mikwaruzo yake mwenyewe.

Tik.

Sauti ndogo, lakini gereji nzima imeisikia. Hata fundi wa breki ameacha nyundo. Ufa wa kona umetembea, sasa una urefu wa ukucha.

Msasa ameondoa mikono juu ya kioo. Inatetemeka, na haifichi. Anapumua, anabandika utepe chini ya ile kona, anakisogeza kijimto kidogo, kisha anaurudia msasa kwa kidole kimoja badala ya viwili.

Ndipo shemeji anapoona dashibodi iliyoondolewa kioo ndani ya gari, imefunikwa kwa kitambaa. Anakivuta, anaona vumbi, anachukua mpira wa upepo.

"Acha!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Msasa akipaza sauti hapa. Mwenye gereji anaganda, mpira umeelekea kwenye mshale.

"Ukiupuliza huo mshale utahama," anasema. "Gari litasema hamsini likiwa sabini. Mwanafunzi atauamini. Ondoka hapo, shemeji. Nakuomba, ondoka."

Kisha mwenye gereji anautundika mpira ukutani na kutoka nje, akisema anakwenda kutafuta chai.

Kazi iliyobaki haitaki haraka. Dawa ya kung'arishia, pamba, duara ndogondogo. Ule weupe unaondoka taratibu, na kijimto kinaanza kuonekana chini ya kioo kana kwamba mtu amepangusa dirisha. Kukirudisha kioo ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu klipu zinazokishikilia lazima zibanwe. Ya kwanza inaingia. Ya pili inaingia. Ya tatu, ile ya kona mbovu, Msasa anaibana amefumba macho. Ufa unajificha chini ya fremu nyeusi na kutulia.

Mwalimu anawasha gari, anatoka nalo hadi barabarani kwenye jua, anarudi. Anashuka, anamshika Msasa mikono yote miwili. Macho yake yamelowa.

Mwenye gereji anarejea akiwa na vikombe vya chai. Anachungulia kioo, anatabasamu. "Si nilisema? Shemeji wangu huyu! Meza yako hiyo, hakuna wa kuigusa."

"Asante, shemeji," anajibu Msasa. Anapokea chai, anainywa yote. Kisha anaanza kukusanya misasa yake, fulana, na kijimto, na kuvitia ndani ya ndoo.

Nyumbani kwake kuna kibaraza kinachotazama barabara. Anasema kuanzia wiki ijayo atafanyia kazi hapo. Watu watamletea vioo vilivyokwisha kufunguliwa, na atakayeshindwa kufungua atafuatwa aliko. Kuhusu wateja ana wasiwasi, na anaukiri. Kuhusu dada yake ana wasiwasi zaidi.

Lakini kwa nini leo, wakati ameshinda?

"Umeona mikono yangu ilivyotetemeka?" anauliza, akiinua ndoo. "Kioo sikukiogopa hata kidogo. Nilikuwa naiogopa meza."