Chupa Moja, Alama Mbili

Arlene Vosburgh alifundisha kemia miaka thelathini na moja katika shule ya hapa kwetu Penn Yan, mji mdogo wa mashamba ya zabibu jimboni New York. Alipostaafu akaanza kuonja mvinyo na kuupa alama kati ya mia, akizitoa kila mwezi katika kijarida cha kurasa nane kisicho na tangazo hata moja. Chupa zilinunuliwa dukani kwa fedha yake, kama mnunuzi yeyote. Mwenye shamba la zabibu akimletea kreti ya zawadi, aliirudisha na keki juu yake, asimvunje moyo.

Mumewe Merle, fundi wa matrekta, ndiye aliyezivika chupa soksi zake ndefu na kuzibandika namba, ili mkewe asijue anaonja mvinyo wa nani. Mimi, jirani yao, niliosha glasi.

Asubuhi moja ya Machi, theluji bado imelala bustanini, Arlene alionja chupa kumi na mbili za mvinyo mweupe. Alinusa, akasukutua, akatema kwenye ndoo, akaandika. Alipomaliza, Merle akavua soksi, kisha akajikuna kichwa.

"Mama, usinikasirikie. Namba tatu na namba kumi ni mvinyo uleule. Nilinunua mbili, nikasahau, nikazivika zote."

Arlene akatazama daftari. Namba tatu aliipa tisini na moja. Namba kumi, themanini na nne.

"Labda moja imeharibika," nikasema.

Akazionja tena. "Zote nzima. Mbovu ni mimi."

"Sasa shida nini?" akasema Merle. "Weka themanini na nane, yaishe. Nani atajua?"

"Merle, wewe! Watoto wa watu niliwanyima alama kwa kupika matokeo ya maabara. Leo nipike mimi?"

Siku mbili hakuonja kitu. Alimenya matofaa, akapika jamu tusiyoihitaji. Siku ya tatu akaketi akaandika yote, soksi na namba zake, na kuyaweka ukurasa wa kwanza wa kijarida.

Wasomaji arobaini hivi walijitoa. Mmoja alimwandikia kwamba afadhali arudi kufundisha. Barua hiyo ilimchoma. Nilimwona akiisoma mara tatu amesimama.

Kisha akaja Curtis Teeter, mtengenezaji wa mvinyo ule wa alama mbili, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, kijarida mkononi.

"Mwalimu, wateja wangu niwaambie nini sasa?"

"Ukweli, Curtis. Nikiwa sijachoka ni tisini na moja. Nikishachoka, themanini na nne."

Curtis akacheka mpaka akashika mlango. "Hata mke wangu ananipa alama hivyo hivyo!"

Arlene naye akacheka, mara ya kwanza wiki ile, akamkaribisha jamu.

Tangu hapo kila mvinyo anauonja siku mbili tofauti na kuchapisha alama zote mbili. Kazi imekuwa nzito, kijarida kimebaki kurasa sita, ila wasomaji walirudi, wakaja na wenzao. Sasa ana miaka sabini na tisa. Mwezi uliopita, chini ya mvinyo mmoja mwekundu, aliandika: "Nimeuonja mara tatu, na bado sijui." Jumamosi iliyofuata duka la hapa mtaani liliuza chupa zote za mvinyo huo, kila mtu akitaka kuamua mwenyewe.