Picha ya Kutangulia Jeneza

Eyotaru ni mzaliwa wa Aroi, nje ya mji wa Arua, ila riziki yake iko mji wa Koboko. Miaka tisa sasa anawapiga watu picha sokoni kwa kamera inayotoa karatasi papo hapo. Karatasi hizo namuuzia mimi, na kwa bei sijawahi kumshinda.

Mtambo wake anaujua. Pembeni mwa kila karatasi kuna kifuko cha dawa. Karatasi ikitoka hubanwa na rola mbili, kifuko hupasuka, dawa husambaa ndani na kuamsha rangi, sura ikajitokeza kidogo kidogo. Mzungu aliyeubuni, wanasema, aliulizwa na bintiye mdogo kwa nini picha isionekane sasa hivi.

Mwezi wa tatu mama yake alikufa. Nilimpeleka Aroi kwa pikipiki yangu. Kwao jeneza hutanguliwa na picha ya marehemu ndani ya fremu. Picha ya mama ilikuwa moja tu, kwenye simu ya kaka yake Alionzi, na Arua ilikuwa siku ya tatu bila umeme. Hakuna studio iliyoweza kuichapisha.

"Wewe unapiga Koboko yote," shangazi yake Scovia alimwambia, "mama yako ndiyo haina picha?"

Eyotaru alitoa kamera mkobani. Alibakiwa na karatasi moja. Aliilaza simu kivulini, akafunika taa ya kamera kwa kitambaa cheusi, akabandika lenzi ya kupigia vitu vya karibu, akabofya. Karatasi ikatoka nyeupe.

"Tikisa!" Alionzi alisema.

"Usitikise. Usiguse hata. Dakika tano."

Katekista aliyekuja kuongoza maziko akamwita Eyotaru kuuliza majina ya watoto wa marehemu. Aliporudi, Alionzi alishaibana karatasi ndani ya fremu, anapiga msumari wa mwisho.

"Kaka, umefanya nini?"

"Si watu wanangoja! Nilitaka iwe tayari."

Kioo kilikuwa kimeikandamiza dawa kabla haijatulia. Kitambaa cha kichwani cha mama kilionekana, macho yakaonekana. Kuanzia puani kushuka, weupe mtupu.

"Piga ingine," Alionzi alisema polepole.

"Karatasi iko Koboko."

Kweli, hata mimi sikubeba.

Shangazi Scovia aliitazama. "Basi. Macho iko. Twende."

Eyotaru akaishika fremu, akatangulia. Hakulia. Njiani mwanamke aliyechelewa akaitazama picha, akamuuliza, "Hii ni nani?"

"Mama," alisema, akaendelea kutembea.