Mgongo Uliodhaniwa Umechapwa

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilirefuka mno. Magoti yaliniuma, na kukaa mahali pamoja kulinishinda.

Siku moja tukivuna maharage shambani kwetu Juru, kule Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, nilivua shati kwa joto. Jirani yetu, mama wa Kirundi kama sisi, aliacha kung'oa.

"Mwanangu, nani amekuchapa hivi?"

Sikumwelewa, mgongo wangu sikuwahi kuuona. Akanipitishia kidole kiunoni, mstari chini ya mstari.

"Alama nyekundu hizi, kama za waya," alisema, macho yakiwa kwa baba yangu wa kambo upande wa pili wa shamba.

Baba hakuwahi kuniinulia mkono. Nilimwambia jirani hivyo, naye akaamini ninaogopa. Jumapili, kanisani, hakuna aliyekaa karibu na baba. Nyumbani akaacha hata kunituma maji. Nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Nilijipapasa mgongo kila mara. Haukuuma, na hilo lilinitisha zaidi.

Mama akaamua twende hospitali Mbarara.

"Nami nakwenda," baba akasema. "Nataka nisikie mwenyewe."

Daktari aliwaomba wazazi wasubiri nje, akaniuliza taratibu kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Kijana, usiogope. Iko mtu anakupiga?"

"Hapana."

Alinitazama mgongo, mapaja na mabega, akanipima urefu, kisha akawaita.

"Hii si fimbo. Ni michirizi. Mwili imekua haraka, ngozi imeshindwa kufuata. Vijana mingi wanapata. Itafifia, lakini haiishi yote."

"Dawa yake?" mama akauliza.

"Hahitaji dawa. Ni mzima."

Baba akauliza, "Daktari, unaweza kuja kuwaambia watu wa Juru?"

Daktari akacheka. Baba hakucheka.

Tuliporudi, mama alinipeleka moja kwa moja kwa jirani, nikainua shati, mama akamweleza yote. Kesho yake asubuhi jirani alimfuata baba shambani. Nilikuwa hapo, nikihamisha jembe kutoka mkono huu hadi ule.

"Baba wa watoto, nisamehe. Nilimwogopea mtoto."

"Ungeniuliza mimi." Baba akalima kidogo, akasimama. "Lakini ukiona mtoto amechapwa kweli, wangu au wa mwingine, usinyamaze."

Jirani akaitikia, akabaki amesimama pale, asijue kama aondoke.