Kumpelekea Filomena Sauti Yake

Kazi yangu ni kuwasemea wanawake wa kigeni. Nakaa Nairobi, katika chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, nikitazama filamu za nchi nyingine na kuwatia wanawake wake maneno ya Kiswahili: mke anayelia, mama mkwe mwenye roho mbaya, muuguzi anayeleta habari za kifo. Mapema mwaka 2013 tuliletewa vipindi vya zamani vya televisheni ya Marekani, vya picha nyeusi na nyeupe, tuviandae kwa ajili ya kituo kimoja kidogo. Katika kimoja, mabaharia wanafika kisiwani, mmoja anachomwa mshale, na binti wa chifu wa kisiwa anampakata akimlilia. Karatasi iliyokuja na kipindi ilisema tu kwamba hapo binti analia kwa lugha ya kisiwani.

Niliongeza sauti ili nishike mdundo wa kilio chake, na mkono ukabaki pale pale kwenye kitufe. Yule binti alikuwa akisema Kiswahili. Tena si cha kubahatisha, maana alijitaja jina na mji wake: Filomena, wa Kisumu.

Bosi wangu alisikiliza, akacheka, kisha akasema tumfunike tu kwa kilio changu kama kawaida, wateja wasije wakachanganyikiwa. Nikamwomba anipe muda kidogo. Katika parokia yetu kulikuwa na mwalimu mstaafu, Mgoa, yaani wa wale Wahindi Wakatoliki wenye asili ya Goa, aliyezaliwa Kisumu, nikamuuliza kama aliwahi kumsikia Filomena aliyekwenda Marekani kuigiza.

"Binti wa fundi cherehani," alisema bila hata kufikiri. "Yuko Lodwar miaka mingi. Alikuwa anafundisha kushona misheni. Lakini usimpigie simu kumuuliza habari za Marekani. Atakukatia."

Basi nikaamua kwenda mwenyewe. Sikutaka kumfunika mtu aliye hai bila kumwona.

Kitale, asubuhi. Basi la Lodwar liliondoka kukiwa bado na baridi, abiria tumejifunika mashuka. Tulipita Kapenguria, tukateremka Marich, milima ikiwa imetubana kulia na kushoto, na kila tulipozidi kushuka mtu mmoja alivua kitu. Hadi Kainuk mashuka yote yalikuwa chini ya viti. Hapo polisi wawili wenye bunduki walipanda, mmoja akakaa karibu na dereva, na mazungumzo yakapungua. Mama niliyekaa naye, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Bungoma aliyehamia Lodwar, alinigusa goti. "Usiogope. Wakipanda hawa ni vizuri. Wasipopanda ndiyo uanze kuomba."

Baada ya Lokichar lami ilikuwa imebaki vipande vipande, na dereva alipendelea kupita pembeni yake, mchangani, kuliko juu yake. Nje hapakuwa na kitu cha kuzuia macho: mawe meusi, miti ya mathenge, kundi la mbuzi na mtu mmoja mrefu nyuma yake amebeba kigoda chake mkononi. Joto liliingia ndani ya basi likakaa kama abiria aliyelipa nauli.

Lodwar, alasiri. Uchaguzi ulikuwa umepita na mji ulikuwa umejaa wageni. Ofisi za kaunti zilikuwa zikipakwa rangi, na kila nyumba ya wageni niliyoulizia ilikuwa na watu wenye bahasha za vyeti wanaosubiri kazi. Nilimwambia kijana wa boda boda anipeleke Kanamkemer, nikapate chumba huko. Alizima pikipiki, akageuka kunitazama.

"Madam, hiyo sauti najua. Wewe ndio ule mama mkwe mbaya wa sinema ya saa moja."

Nikakiri kwamba ndimi.

"Mamangu anakuchukia sana," alisema kwa furaha, akawasha tena pikipiki. Njia nzima alikuwa akiwapigia kelele wenzake kwamba amembeba mama mkwe.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Filomena uani kwake, chini ya kibanda cha makuti ya mkoma, akikata kitambaa cha sare za shule. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, nywele nyeupe amezikata fupi, na shingoni alivaa mistari michache ya shanga za Kiturkana juu ya gauni la pamba. Jirani yake, dada mmoja aitwaye Akiru, alikuwa anapepeta mahindi kando yake.

"Ejok," Akiru alinisalimu.

"Ejok-noi," nikajibu, maana mama wa vitunguu alikuwa amenifundisha. Kisha nikamgeukia mzee. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Umetoka wapi na ngozi laini namna hiyo?"

Tulikunywa chai ya maziwa ya mbuzi. Aliniuliza habari za Kitale, za bei ya unga Nairobi, za kazi yangu. Nilipomwambia kazi yangu aliweka mkasi chini.

"Unawasemea watu ambao hawajui umewasemea nini."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nimekuja. Kuna mmoja nimekuta anasema mwenyewe, kwa Kiswahili."

Hakunikatia kama nilivyoonywa. Alikunja kitambaa alichokuwa akikikata, akakiweka magotini.

"Hawakukata?" aliuliza mwishowe.

Ndipo akanisimulia. Alikwenda Marekani msichana, kusomea ukatibu kwa msaada wa kanisa, na huko mtu mmoja akamwona kwenye foleni ya chakula chuoni akamwambia ana sura ya televisheni. Wakampa jina jingine, la kufanana na la Kichina. "Nilikuwa mgeni wa vipindi vya watu," alisema. "Leo hiki, mwezi ujao kile. Nimekuwa Mchina wa duka la dawa, Mjapani mke wa askari, Mwarabu wa sokoni. Nimevalishwa manyoya nikawa Mhindi Mwekundu. Mgoa wa Kisumu sikuwa hata siku moja. Na mara nyingi nilikufa kabla ya tangazo la pili la sabuni."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia shule aliyosoma. Kwenye kipindi cha kisiwa, mwelekezaji alimwambia alie kwa lugha yake, yoyote, mradi iwe na huzuni.

"Ningelia kwa Kikonkani, lugha yetu ya nyumbani, machozi yangekuwa ya kweli, nao walitaka ya uongo. Kwa hiyo nikasema Kiswahili. Nikamtumia mama yangu salamu. Nilijua hapo chumbani hakuna wa kunielewa." Alichukua tena mkasi. "Niliporudi nyumbani nikamwambia, Mama, nilikusalimia kwenye televisheni mbele ya Marekani nzima. Akasema ninambembeleza ili asinikasirikie kwa kukaa sana. Baadaye watu wakaniambia sehemu za lugha za kigeni zilikuwa zinakatwa. Mwisho hata mimi nikaanza kuona labda nilijitungia. Nikachoka kuulizwa."

"Nina kipindi chenyewe hapa, ndani ya kompyuta. Tunaweza kutazama sasa hivi."

"Hapana," alisema haraka. Kisha, taratibu: "Peke yangu hapana. Kesho naenda Kakuma, nina wanawake ninaowafundisha kushona. Tutatazama nao. Kama ni aibu, nitakuwa na mahali pengine pa kuangalia."

Barabara ya Kakuma. Magari yalikusanyika nje ya mji kusubiri msafara, maana wakati ule hakuna aliyependa kupita njia ile peke yake. Lori la polisi lilitangulia na sisi wengine tukala vumbi lake. Filomena alifunga kitambaa puani, akalala usingizi mzuri huku gari likiruka. Mimi sikulala. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nimembebea mzee wa watu kitu kitakachomvunja moyo mbele ya wanafunzi wake. Kiswahili nilikuwa nimekisikia, lakini nilikuwa nimekisikia pia kichekesho kilichomo, na sikujua yeye anakikumbuka vipi.

Kakuma, mchana. Baada ya kuonyesha vibali langoni tuliingia mitaa ya kambi ya wakimbizi, ambayo mgeni hawezi kuijua kuwa kambi mpaka aambiwe: maduka ya Wasomali yenye friji za soda, mkahawa wa Wahabeshi unaonukia kahawa, wanawake wa Kiturkana wakiuza kuni, redio ikiimba kwa Kilingala. Mwenye banda la kuonyeshea mpira, Msomali mmoja mnene aitwaye Abdi, alitukubalia tutumie ukuta wake. "Leo hakuna mechi," alisema. "Lakini joto ni lenu wenyewe." Akaziba madirisha kwa mablanketi, akawasha jenereta na mashine yake ya kurushia picha ukutani.

Wanawake walijaa kwenye mabenchi, wengi Wakongo, Wasudani kadhaa, na wauza kuni watatu waliotua mizigo yao mlangoni wakaingia. Filomena alikaa mbele kabisa, mikono magotini. Niliwaeleza kwa kifupi: hii ni televisheni ya zamani ya Marekani, na binti mtakayemwona ni mwalimu wenu.

Walidhani natania. Lakini alipotokea ukutani, msichana mwembamba aliyevaa majani na maua, pua ni ile ile na mgongo ni ule ule, banda zima lilipiga kigelegele. Mabaharia wakaja. Mshale ukaruka. Akampakata yule Mzungu na kufungua kinywa, na sauti yake ya miaka ile ikatoka kwenye spika za Abdi, ikikwaruza lakini wazi:

"Mama, ni mimi Filomena wako, wa Kisumu. Nimefika salama na ninakula vizuri. Wamenivalisha majani, yananiwasha mgongo. Huyu bwana haumwi, anajifanya. Usinililie, Mama. Nitarudi nyumbani."

Kisha kicheko kikapasuka kutoka benchi la nyuma mpaka la mbele. "Bandugu, munasikia? Anasema majani inamuwasha," mmoja alisema huku akipangusa macho. Wauza kuni walitafsiriana kwa Kiturkana wakacheka kwa zamu yao. Nilimtazama Filomena kwa hofu. Naye alikuwa anacheka, mabega yote mawili yakitetemeka.

Nikarudisha nyuma, kwa maana walidai. Mara hii hapakuwa na kicheko. Karibu na ukuta alikuwa amekaa mwanafunzi mkubwa kiumri kuliko wenzake wote, Mama Nzigire, ambaye walisema watoto wake wawili wako ng'ambo na hajawaona tangu avuke mpaka. Aliposikia yale maneno ya mwisho, hakumtazama Filomena wa kwenye benchi. Aliitazama picha, akaijibu.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayefungua mlango. "Nimesikia. Kuja tu."

Hapo ndipo Filomena alipolia. Hakujificha na hakuangalia pengine. Mama Nzigire alihamia benchi la mbele akakaa naye, wakashikana mikono, mpaka yule binti wa chifu akauawa kama ilivyokuwa desturi.

"Juu ya nini banamuua?" mmoja aliuliza.

"Kipindi kilikuwa kinaisha," Filomena akamjibu, akipangusa miwani. Wakamwuliza alijifunzaje kuanguka vile bila kuumia. Akasimama, na mwanamke wa umri ule akatuonyesha: goti kwanza, kisha nyonga, kisha bega, mkono ukitangulia kichwa. Alasiri ile hakuna aliyeshona. Walianguka wote, wakisaidiana kuinuka, mpaka Abdi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Lodwar tena. Tulirudi na msafara wa siku iliyofuata. Nilimwambia Filomena kuhusu bosi wangu na kile kilio nilichotakiwa kumfunika nacho.

"Wewe ungesema nini pale?" aliuliza.

"Ningelia tu, Mama. Bila maneno."

"Basi lia pengine. Nilikufa vipindi vingi, utapata pa kulilia."

Alinifungia samaki wakavu kwenye gazeti, akanisindikiza hadi kituo cha basi, akamwagiza dereva anikalishe upande usio na jua.

Nairobi. Basi langu liliingia asubuhi, nami nikaenda moja kwa moja kazini na samaki wangu. Nilimweleza bosi yote, naye akakubali kwa shingo upande kwamba Filomena asifunikwe, akisema lawama zikija zitakuwa zangu. Katika safari ile nilijifunza kwamba watu ninaowasemea walikuwa na la kusema kabla yangu, na sasa, kabla sijafungua kinywa, huwa nawasikiliza kwanza mpaka mwisho, hata wale wanaopita nyuma na trei za chai. Tulipofika kwenye kile kisiwa niliwasemea wanawake wote wa kijiji, wapishi na wachota maji. Binti wa chifu alipompakata baharia, nilisogea mbali na maikrofoni, nikamwachia nafasi aseme.