Nilivyokamatwa na waasi Luvungi nikisomea kuigiza ng'ombe

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi zenu na kupita kimya. Lakini jana nimekuta jamaa anauliza degree gani haina faida, na wachangiaji kama kumi wakataja theatre bila hata kufikiri. Nikasema leo na mimi nitaandika. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na kama kuna mtu wa Luvungi humu aliyekuwepo siku ile, aje anisahihishe.

Kiswahili changu mtakivumilia. Mimi ni wa Uvira, Congo, mtaa wa Rugenge.

Sasa twende.

Miaka ile ya rébellion, mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi. Shule ziliendelea hivyo hivyo, watu wanafunga ndoa, wanavua, wanakwenda sokoni. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, section ya théâtre. Jina la chuo nitaliacha.

Tulikuwa wanafunzi tisa. Nyumbani hakuna aliyejua.

Papa yangu alikuwa karani bandarini Kalundu, mtu wa shati jeupe na maneno machache. Yeye alijua ninasoma agronomie, yaani kilimo. Na kweli nilianzia huko, nikakaa wiki mbili. Siku moja nikapita mbele ya darasa la théâtre nikakuta mtu mzima analia kwa mazoezi, mwenzake anamwambia "bado, lia tena". Nikaingia, sikutoka.

Kila likizo papa ananiuliza habari za mihogo. Ninamjibu. Wakuu, nilidanganya kuhusu mihogo miaka mitatu.

Mtihani wa mwisho wa kuigiza ulikuwa mchezo alioandika Prof wetu mwenyewe. Ni kijiji kimoja kwenye mkesha wa uhuru. Watu wamesikia kwamba kesho mali ya Mbelgiji itagawanywa, na Mbelgiji wa pale ana ng'ombe mmoja tu. Kijiji kizima kinagombana juu ya huyo ng'ombe.

Mimi nilitaka kuwa yule msemaji wa kijiji, mwenye hotuba ya kurasa mbili. Nilikuwa nimeishaikariri.

Prof akasoma majina. Hotuba akampa mwenzetu Dieudonné. Nikabaki mwisho wa orodha.

"Weye utakuwa ng'ombe," akaniambia.

"Prof, ng'ombe haina hata neno moja."

"Ndiyo. Weye unasema sana. Na ng'ombe iko kwenye jukwaa toka mwanzo mpaka mwisho. Kama watu hawaiamini, mchezo wote umekufa."

Akanipa wiki moja nikamsome ng'ombe wa kweli. Si kumwangalia, kumsoma. Anaanza kuinuka na mguu gani, anatazama nini akisikia kelele, anapumua vipi akishiba.

Nikapanda lori mpaka Luvungi kwa shangazi yangu. Jirani yake alikuwa mjane mmoja, Mama Zawadi, mwenye ng'ombe wanne. Nilimwomba ruhusa, akasema niangalie tu, mradi nisiwachokoze.

Nikachagua mmoja aliyeitwa Madamu. Walimwita hivyo kwa sababu ya mwendo, anatembea kama mke wa gavana anayeogopa matope.

Basi kila asubuhi ninakaa karibu na barabara kubwa na daftari langu. Madamu anakula, mimi ninaandika. Anaketi, ninaandika. Wakati mwingine ninapiga magoti pembeni yake ninajaribu kucheua. Wapita njia walinihurumia, mama mmoja aliniachia ndizi.

Siku ya tatu wakaja askari wawili.

"Unafanya nini hapa?"

"Ninaangalia ng'ombe."

"Ni yako?"

"Hapana."

"Unataka kuinunua?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini?"

Hapo ndipo akili iliponitoka. Nikasema ukweli: "Ninataka kuwa kama yeye."

Walinichukua na daftari.

Komanda wao alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na miwani yenye kamba. Akaketi, akafungua daftari langu, akaanza kusoma mbele ya watu wake:

"Saa tatu, Madamu ametokea upande wa barabara. Saa tatu na nusu, malori mawili yamepita, Madamu amegeuza kichwa. Saa nne, Madamu ameketi, anatazama milima. Mguu wa nyuma wa kushoto una shida, lakini anauficha."

Akavua miwani. "Huyu Madamu ni nani?"

"Ni ng'ombe, komanda."

"Ng'ombe anahesabu malori yetu?"

Wakuu, sasa hivi ninacheka, lakini siku ile sikucheka. Miaka ile watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na si wote waliorudi. Nikaeleza théâtre, nikaeleza mtihani, nikaeleza uhuru na Mbelgiji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mpelelezi.

Akasema nikae pale mpaka mtu wa kunijua apatikane. Shangazi akatuma neno Uvira na dereva wa lori.

Kesho yake asubuhi papa akafika. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Sijawahi kufurahi na kuogopa mtu kwa wakati mmoja namna ile.

Akamsalimia komanda kwa heshima, akasema: "Huyu ni mutoto wangu. Si mutu mubaya. Anasoma agronomie, mwaka wa tatu."

Komanda akanigeukia. "Jana uliniambia théâtre."



Papa akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ni théâtre, papa," nikasema.

"Na ile mihogo?"

Hata wale askari waliangalia pembeni, nadhani kwa aibu ya familia.

Komanda akafikiri kidogo. Akaagiza Mama Zawadi aitwe. Alipofika, akamwambia: "Mama, una ng'ombe wanne. Huyu kijana atakuwa mmoja wao. Weye utaniambia ni yupi. Ukishindwa kumtambua, basi ni mpelelezi."

Nikapiga magoti mbele ya papa yangu, mikono chini kwenye vumbi.

Mwanzo nilitambaa tu kama mtoto mchanga. Halafu nikakumbuka pumzi. Prof alisema mnyama anaanzia kwenye pumzi. Nikapumua polepole, nikalegeza shingo, nikainuka kwa nyuma kwanza kama Madamu, nikauficha ule mguu wa kushoto. Nikatembea hatua nne. Nikasimama, nikatazama milima, nikaanza kucheua.

Mama Zawadi akasogea karibu. Akanizunguka. Akainama akanitazama usoni.

"Ni Madamu," akasema. "Lakini leo iko na wasiwasi."

Askari mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Komanda peke yake hakucheka. Alinyanyuka, akaja akanishika taya.

"Unatafuna juu na chini kama mbuzi," akasema. "Ng'ombe inasaga kwa upande. Minye nimechunga miaka kumi na mbili. Rudia."

Nikarudia. Mara tatu, wakuu, mpaka aliporidhika. Halafu akanirudishia daftari na kuniambia nisikae tena karibu na barabara yake.

Kwenye lori papa alitazama mashamba tu. Tukapita Sange. Tunakaribia Kiliba ndipo akauliza, "Agronomie ilikufa lini?"

"Mwaka wa kwanza, papa. Wiki ya pili."

Akatikisa kichwa, akarudi kutazama mashamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Siku ya mtihani sikumwalika. Sikuthubutu. Lakini nilipoingia jukwaani kwa magoti, nikamwona mstari wa mbele, amevaa koti lake la kanisani.

Mchezo ukaenda vizuri mpaka Dieudonné alipoanza hotuba. Alikuwa ameficha karatasi mkononi kwa sababu hakuikariri yote, na akawa anaipungapunga mbele ya pua yangu. Nikajiuliza Madamu angefanya nini.

Nikaichukua kwa meno nikaanza kuisaga. Kwa upande.

Dieudonné alibaki mdomo wazi. Msemaji wa uhuru hana neno, ng'ombe wa Mbelgiji anatafuna hotuba. Ukumbi mzima ulilipuka. Prof aliniambia baadaye kwamba ungekuwa mwisho mzuri kuliko ule alioandika, kisha akanipunguzia pointi kwa kumtesa mwenzangu. Nikapata kumi na nne juu ya ishirini.

Dieudonné alinisamehe baada ya miezi kama minne hivi.

Nilipotoka nje bado nina vumbi magotini, nikamkuta papa amesimama na watu wa bandari aliokuja nao. Hawakuniona. Mmoja akamuuliza, "Sasa mutoto wako alikuwa nani mule? Ule wa hotuba?"

Papa akanyoosha koti lake.

"Hapana," akasema. "Wangu ni ile ng'ombe."

Aliisema kama mtu anayetaja cheo.

Nilichojifunza: waambie wazazi wako unasoma nini ukiwa bado umeketi nao mezani. Ukichelewa, kuna siku utalazimika kusema mbele ya mtu mwenye bunduki, na hutachagua maneno. Na wale wanaosema theatre haina faida, mimi nipo hapa naandika.

Ni hayo tu wakuu. Nani mwingine humu alidanganya nyumbani kuhusu kozi yake, na ilijulikana vipi? Leteni, nasoma comment zote.