Soksi Zisizochafuka

Udongo wa kwetu Kathiani ni mwekundu, na watoto wa jirani hurudi kutoka shuleni soksi zikiwa rangi ya matofali. Za binti yangu zilirudi nyeupe kila jioni. Anatembea kwa magongo, nami nilidhani ni mwangalifu tu.

Siku moja nikampelekea sweta wakati wa mapumziko. Uwanjani wasichana walikuwa wakiruka kamba. Yeye alikuwa peke yake darasani, kando ya dirisha, akiimba wimbo wao kwa sauti ya chini, vidole vyake vikirukaruka juu ya dawati.

Mwalimu akaniambia, "Mama, tunamweka ndani asianguke. Hapa tunapokea watoto wote."

Kuanguka! Nani amewahi kukua bila kuanguka? Atajifunzia wapi kungoja zamu, kugombana na kupatana? Nilimwambia hayo yote. Alitabasamu tu, akaenda kupiga kengele.

Jumamosi nilizifua zile soksi, machozi yakidondoka kwenye karai. Ng'ambo ya ua, jirani alikuwa akisugua zile nyekundu za wanawe.

"Wewe uko na bahati," akasema. "Wako hachafuki."