Mwanasesere Aliyevaa Kitenge cha Mama

Mama yangu alipofariki alituachia picha moja tu, ile ya kadi ya mpiga kura, na humo amekaza uso kama mtu anayegombezwa. Baba hakutaka hata kuitazama. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwandani, na sasa alishinda ameketi sebuleni bila kusema neno.

Jirani yetu akaniambia kuna mama hapa Likasi, mshonaji, anayetengeneza wanasesere wanaofanana na watu. Huku kwetu tunawaita pupe. Nikamwendea na ile picha, pamoja na kitenge ambacho mama alikuwa akivaa akienda ziwa Tshangalele kununua samaki wa kuuza. Nilidhani nitapata kitu cha watoto kuchezea.

Picha aliitazama kidogo tu, akanirudishia.

"Unielezee kwanza namna alikuwa anaikala kama amechoka," akasema.

Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo kama hilo. Nikamweleza kwamba mama akirudi kutoka ziwani aliketi kwenye kiti kifupi, akavua viatu, akaegemeza kiwiko gotini na kushika shavu, mguu wa kushoto ameunyoosha kwa sababu ya maumivu. Nilipomaliza nilikuwa nalia. Yeye alikuwa ameshaanza kukunja waya wa shaba, na ule waya ulikuwa umeketi vile vile.

Nilirudi kwake Jumamosi tatu. Nilimwona akiuzungushia waya pamba, akiikaza kwa uzi, kisha akishona ngozi kwa kitambaa cheupe alichokichemsha na majani ya chai hadi kikapata rangi yetu. Uso ulikuwa bado mtupu kama yai. Akachoma sindano pembeni mwa jicho, akaitokeza upande wa pili, akavuta uzi polepole, na pua ikainuka. Akavuta tena, kope zikashuka. Pale mezani, kati ya mkasi na mabaki ya vitambaa, mtu alikuwa anakuja.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema alianza kwa kuwashonea binti zake, baadaye akawa anatazama watu sokoni, jinsi wanavyosimama. Kwake mkono ni mgumu kuliko uso. Vidole vya mama vilimchukua Jumamosi nzima, na mara mbili alivifumua vyote.

Jumamosi ya tatu alimvika kile kitenge, akanikabidhi. Nilipofika nyumbani nilimweka mwanasesere mezani bila kusema ni nani. Baba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasogeza kiti chake karibu.

"Huyu fundi alimujua bibi yangu wapi?"

Nikamwambia fundi hakuwahi kumwona mama hata siku moja. Akatikisa kichwa, hakuniamini. Halafu akaanza kunisimulia walivyokutana kwenye lori la kutoka Koni, upande wa ziwani, yeye kijana mwenye kazi mpya, mama na kapu lake la samaki. Sikuwahi kuyasikia hayo. Alizungumza mpaka chakula kikapoa, na kila alipofika mahali asipopakumbuka vizuri, alimgeukia mwanasesere kama anayengoja kusahihishwa.